MJADALA: Angella Okutoyi alikosea kwenda chuo badala ya kuingia moja kwa moja tenisi ya kulipwa?

Wapenzi wa tenisi, habari zenu. Tangu Mkanada Victoria Mboko achukue taji la mashindano ya kulipwa ya Montreal Agosti 2025, kila nikikaa na watu wa mchezo huu hapa Nairobi nakutana na lawama ileile: Angella wetu alimfunga huyu Wimbledon, mmoja akawa bingwa na mwingine akaenda darasani. Linaniuma, kwa sababu naona tunamtwika binti mzigo ambao si wake.

Kwa wasiokumbuka: Julai 2022, fainali ya wasichana, wawili kwa wawili. Angella na Mholanzi Rose Marie Nijkamp upande huu, Wakanada Kayla Cross na Mboko upande ule. Seti ya kwanza tukapoteza 3-6, ya pili tukachukua 6-4, na ile ya mwisho, ya kukimbilia pointi 10 kwa tofauti ya mbili, ikaisha 11-9. Angella alikuwa na miaka 18. Mboko hata 16 hakuwa ametimiza.

Mapema 2023 Angella akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa ufadhili wa masomo. Mboko akashika njia ya kulipwa, goti likamsumbua, akauanza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora wa dunia. Kisha akashinda mechi 22 mfululizo kwenye mashindano madogo, na Agosti akamtandika Naomi Osaka fainali, 2-6, 6-4, 6-1. Wazazi wa Mboko walitoka Kongo. Nilishangilia kama wa nyumbani.

Wanaosema chuo kinachelewesha hawasemi uongo. Mechi za vyuo hazina hata pointi moja ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, na pointi hizo ndizo zinazopanga orodha ya dunia. Msimu wa timu unameza Januari hadi Mei, miezi ambayo wenzako wanapanda ngazi. Unaweza kushinda kila wiki na jina lako likazidi kushuka kwenye orodha.

Sasa nijibuni: nani angelipa?

Mashindano ya ngazi ya chini kabisa, W15, yana zawadi ya dola 15,000, na hizo ni za wachezaji wote kugawana. Ukitolewa raundi ya kwanza huondoki hata na dola 200. Ndege umeshalipa, hoteli umeshalipa, viza umeshaililia. Ukienda na kocha, gharama za safari ni za watu wawili. Ndiyo maana wachezaji hupiga kambi Monastir, Tunisia, wiki baada ya wiki: mashindano yanafuatana palepale, nauli unalipa mara moja. Alipokuwa msichana mdogo, Angella alibebwa na mpango wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, akapita vituo vya mazoezi vya Bujumbura na Morocco. Ukishavuka umri wa vijana, kubebwa huko kunakwisha. Na huyu ni binti aliyelelewa na nyanya yake, si mtoto wa tajiri.

Nina mpwa wangu wa miaka 15 anayecheza. Mwezi uliopita nilishika kiatu chake cha kulia: ncha imelika mpaka soksi inaonekana, kwa sababu ndio mguu anaouburuta akianzisha mpira. Fundi alikuwa ameshabandika kipande cha mpira wa tairi mara mbili. Nyuzi za raketi zikikatika Alhamisi, tunahesabu kwanza kama mshahara utawahi Jumamosi ya mechi. Hapo bado tuko mashindano ya ndani ya nchi.

Mboko alipoumia goti, nyuma yake kulikuwa na shirikisho la tenisi la Kanada lenye kituo Montreal, na baadaye kocha Nathalie Tauziat, aliyewahi kucheza fainali ya Wimbledon 1998. Shirikisho hilo linavuna fedha kutoka mashindano yaleyale ambayo Mboko alikuja kuyashinda. Goti la Angella lingevimba Monastir, lingetibiwa na nani? Auburn kuna uwanja, kocha, chakula na daktari, na shahada mkononi. Machi 2024, akiwa mwanafunzi wa hapohapo, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Mmarekani Danielle Collins alimaliza chuo ndipo akaja kucheza fainali ya Australian Open 2022. Mmarekani mwenzake Emma Navarro naye alipitia chuo, akafika nusu fainali ya US Open 2024.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Angella alichagua mlango pekee uliokuwa wazi. Lawama tuzipeleke kwa waliouacha ule mwingine ukiwa umefungwa. Kenya ina Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayojazwa na kodi ya kamari. Napendekeza itenge fungu kwa ajili ya wachezaji wachache wa tenisi kati ya miaka 18 na 22, kwa masharti ya wazi: mashindano mangapi kwa mwaka, ripoti ya kila safari, na anayekwenda chuo asaidiwe miezi ya likizo ili akatafute pointi.

Najua wapo watakaosema fedha za umma zisiingie kwenye mchezo wa watu wachache wakati wanariadha wetu wenyewe wanalia posho. Hoja hiyo ni nzito, na nyinyi ndio ninaotaka kuwasikia kwanza. Na anayeshikilia kwamba Angella alipaswa kuingia tenisi ya kulipwa akiwa na miaka 18, atuandikie hapa bajeti ya mwaka wake wa kwanza, na ataje mfuko ambao ingetoka.