Jehanamu kwenye hadithi: huo moto mnamwashia nani?

Wakuu habari zenu. Kuna hoja inarudi kila watu wakikaa kuongelea vitabu, na juzi nimeisikia tena: eti waandishi wa siku hizi wamezidisha giza, kila stori jehanamu, mapepo, mtu anaongea peke yake usiku kucha halafu mwisho anakufa, na maandishi ya aina hiyo yakomeshwe maana yanawajaza vijana hofu. Wengine nao wanajibu sanaa haina mipaka, andika utakacho. Mimi siko huku wala kule, ngoja niseme niliposimama mnikosoe.

Kwanza hili la "siku hizi". Jamani! Utenzi wa Al-Inkishafi aliutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kule kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, yapata karne 2 zilizopita, na mle ndani kuna mauti, kuna kaburi, na moto umetajwa kwa majina yake jina moja baada ya jingine. Dante, mshairi wa Italia, yeye aliichora jehanamu mwanzoni mwa karne ya 14, duara 9, unashuka unashuka, na ukifika chini kabisa alipo Ibilisi mwenyewe hukuti moto, unakuta barafu, wasaliti wamegandia humo. Barafu! Mara ya kwanza nilirudi nyuma ukurasa mzima nikidhani kuna mahali nimeruka. Baadaye ndo nikaona ujanja wake, kwamba msaliti roho yake ilishaganda tangu akiwa hai, kule anapewa kilekile alichokuwa nacho. Kwa hiyo giza halikuanza jana.

Kinachonikera mimi ni kingine. Soma hizi stori za jehanamu utaona wazi mwandishi kakaa nje na kiberiti mkononi, ndani kawajaza asiowapenda, mpenzi aliyemwacha, tajiri mwenye dharau, binti wa nguo fupi, anachochea tu kuni na yeye mwenyewe hayumo. Hiyo haitishi mtu. Huo ni umbea wenye moshi. Msomaji anamaliza akiwa anawahesabu majirani zake wanaostahili kuingia humo, yeye katoka msafi kabisa.

Sasa rudi kwenye Inkishafi. Yule mshairi hamsemi jirani, anausema moyo wake mwenyewe, anaulaumu mbona hausikii. Halafu anautembeza kwenye majumba ya matajiri yaliyobaki magofu, na anakuonyesha vile vidaka vya ukutani walivyokuwa wakipanga sahani za fahari, sasa hivi makinda ya ndege ndo wamelala humo, bundi analia katikati ya nyumba, mende wanavuma vyumbani. Kidaka tu, kishimo cha ukutani, lakini mimi kinanitisha kuliko ule moto unaokuja mwishoni, maana sahani za kujivunia hata mimi ninazo. Moto ukija kutajwa, mtu keshalainika zamani.

Hili nimelijua kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika stori mtu anakufa anaenda motoni, kurasa 3 za minyororo na mayowe, nikampa dada yangu asome. Kafika ukurasa wa pili kanyanyua kichwa kaniuliza, "kwani huyu alifanya nini?" Sina jibu! Nimejenga jela bila kosa. Nikatupa yote nikaanza upya: jamaa yuko kitandani saa nane usiku, simu inaita, anaona jina la kaka yake, anajua anaombwa hela tena, anailaza simu kifudifudi. Haikuita tena. Asubuhi msiba. Tangu hapo kila usiku anailaza simu kifudifudi, anaigeuza, anaangalia, anailaza. Sikuandika neno moto hata mara moja na dada aliposoma hakuniuliza chochote, akaenda zake jikoni.

Kwa hiyo msimamo wangu, jehanamu na iandikwe ila mwandishi awe wa kwanza kuungua. Karibuni.

MCHANGIAJI: Mkuu nimekusoma mpaka mwisho, unaandika vizuri ila umekwepa swali. Watu wanaongelea madhara wewe unaongelea ufundi. Ile riwaya ya Mjerumani Goethe ya 1774, kijana Werther anajipiga risasi sababu ya mapenzi, ikasemekana kuna vijana wamemuiga mpaka mji wa Leipzig ukaipiga marufuku, na hadi leo watafiti wanaita kuigana huko kwa kujiua athari ya Werther. Shirika la Afya Duniani linawataka waandishi wa habari wasieleze njia aliyotumia mtu kujiua. Sasa kama gazeti linaambiwa lijizuie, riwaya imepata wapi kinga? Na hiyo fomula yako ya mwandishi kuungua kwanza ndo hatari zaidi, mbaya akiandika nacheka, stadi akiandika naungua naye. Niliwahi kusoma vitu hivyo nikiwa kwenye kipindi kibaya, siku mbili sikulala. Kijana wa miaka 15 hana habari na kidaka chako.

MCHANGIAJI MWINGINE: Na sisi tuliotishiwa moto tangu watoto tusiandike? Nimekua kila kosa naambiwa utachomwa, hata ukivunja kikombe. Kuandika ndo kumenitoa huko, sikuwa namtisha mtu.

MWANZISHA MADA: Mkuu wa kwanza umenishika pabaya, kweli stadi ndo anayedhuru. Ningeweza kukwambia kwamba mtafiti Phillips, aliyelitoa jina hilo la athari ya Werther mwaka 1974, alipima habari za ukurasa wa mbele wa gazeti, watu halisi na sio wa kwenye riwaya, lakini nikijificha hapo nitakuwa naleta uwakili. Kwenye kutoeleza njia ya kujiua nakubali mia kwa mia. Riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974 hiyohiyo, Kazimoto anajiua mwishoni, na kinachokutafuna wewe msomaji ni yale mawazo yaliyomfikisha pale, kutoamini kitu, kutopata pa kushika. Hatua kwa hatua za mtu kujiua hazisaidii hadithi yoyote, mwandishi afunge mlango aondoke.

Wa pili, pole, na kikombe hicho kingetosha stori nzima. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Pennebaker la 1986, wanafunzi waliandika yaliyowaumiza kuliko yote, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wakimaliza kuandika wanajisikia vibaya zaidi, ila miezi iliyofuata walienda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandikishwa vitu vya kawaida. Sema hao waliandika, hawakusomewa, kwa hiyo hilo linakujibu wewe, mkuu wa kwanza bado ananidai jibu. Kuna ya daftarini na kuna ya kumpa mtu mwingine, na hapo nilikuwa nachanganya.

Huyo wa miaka 15 mimi ningempa Inkishafi na ningekaa naye chumba kimoja mpaka amalize. Kumpa halafu niondoke, hapana, hapo tuko pamoja. Ila niulize kitu mkuu, zile siku mbili ulizokosa usingizi, ulikuwa na mtu wa kumwambia ulichosoma?