Deskitopu ya kuhariri video Mtwara: Ryzen 5 5600, i5-12400F au HP Z440 ya mtumba? Na upoozaji wa maji una maana huku kwetu?

ShanganiFilamu (Mtwara)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtu wa video za harusi, sendofu na unyago hapa mjini. Laptop yangu imechoka. Ikifika saa saba mchana inajishusha spidi yenyewe, na kurenda (kuitoa video iliyokamilika) ya saa moja kunakula mchana wote. Msimu wa korosho ukianza na watu wakalipwa, shughuli zinafuatana kila Jumamosi, kwa hiyo nataka nijenge deskitopu kabla ya hapo.

Bajeti ni milioni 2.8, skrini ninayo. Vitu vitatoka Kariakoo na kuja kwa basi. Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, na mazabodi (bodi kuu) ya B550. Ya pili ni prosesa ya Intel, Core i5-12400F, na mazabodi ya B660. Ya tatu ni HP Z440 ya mtumba, kompyuta kamili yenye prosesa ya Xeon, inakuja na pawasaplai yake ya wati 700, nachomeka kadi naanza kazi. Kadi ya picha nimeshaamua ni RTX 3060, na ramu GB 32. Programu ya kuhariri ni Premiere.

Halafu kuna joto. Chumba changu ni cha bati, AC hamna, kuna feni ya juu tu. Muuzaji ananishikia bango nichukue upoozaji wa maji, ule wenye rejeta ya milimita 240, anasema kwa joto la pwani bila maji nitaunguza prosesa. Ni kweli, au ananiuzia taa za rangi?

Mchinga_Mbili (Lindi)
Chukua Z440 ulale usingizi. Mashine za ofisi za Wazungu zile, zimeundwa kuwaka mwezi mzima bila kuzimwa. Kasha linafunguka bila bisibisi, bodi ngumu, bei unapunguziwa. Chenji inayobaki unanunua SSD na diski kubwa ya kuhifadhia. Hivi vipya vya kuokoteza kipande hapa kipande pale ni kujitafutia presha.

FundiWaMikindani
Mchinga, Z440 naiheshimu, nimezifungua nyingi. Lakini mwambie na upande wa pili. Ramu zake ni zile za seva, huwezi kuchanganya na ramu ya kawaida ya dukani. Pawasaplai ina plagi za HP wenyewe, ikifa huwezi kupachika ya kawaida ya ATX, unaanza kutafuta ya mtumba mwenzake. Xeon za E5 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa Dar haya yote yanavumilika, unavuka barabara unapata spea. Huku Kusini, mvua ikikata barabara pale Somanga unakaa na mashine iliyokufa mezani na bwana harusi anapiga simu.

Shangani, kabla sijasema kitu kuhusu hizo mbili nyingine: unarekodi kwa kamera gani, na kwa fomati ipi? Nijibu hilo kwanza.

ShanganiFilamu
Shikamoo fundi. Natumia Canon R6, na napiga C-Log, picha inayotoka imefifia makusudi, kwa sababu ya kurekebisha rangi baadaye. Pembeni kuna simu moja na droni ya rafiki yangu.

FundiWaMikindani
Marahaba. Basi kamera imeshakuamulia nusu ya safari.

R6 ukiiweka C-Log inarekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10, rangi 4:2:2, yaani rangi zenye undani kuliko 4:2:0 ya kawaida. Hiyo ni faili ngumu kufungua. RTX 3060 ni kadi nzuri, ila kifungulia video kilichomo ndani yake hakijui 4:2:2. Kinajua 4:2:0, kwa hiyo faili za kawaida za simu zitateleza tu. Kwa NVIDIA, 4:2:2 imekuja kwenye familia ya RTX 50. Maana yake ukiwa na Ryzen 5 5600, ambayo haina picha yake ya ndani (sehemu ya picha iliyojengwa ndani ya prosesa), kazi yote ya kufungua faili za R6 inaangukia kwenye koa sita, yaani viini sita, vya prosesa. Utaburuza mshale kwenye taimulaini na picha itakuwa inakuja kwa kukwama.

Core i5-12400 ina picha ya ndani, UHD 730, na ndani yake kuna Quick Sync, ambayo inafungua H.265 ya 4:2:2 biti 10, na Premiere inaitumia. Sasa angalia ulichoandika: 12400F. Hiyo F ndiyo iliyoondolewa picha ya ndani. Unaokoa elfu kadhaa na kutupa kitu pekee kilichokuwa kinakufanya uchague Intel. Chukua 12400 tupu, isiyo na herufi nyuma.

Na ukishaunganisha, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, kabla Windows haijawaka) uwashe picha ya ndani kwa mkono. Mazabodi nyingi zikiona kadi imechomekwa zinaizima zenyewe, halafu mtu anazunguka wiki nzima analaumu Premiere.

BintiNewala
Fundi amesema kweli, lakini asimtishe mtu na Ryzen. Mimi nina 5600 na 3060 hiyohiyo, nahariri video za mafunzo na mahafali, na kamera yangu nayo ni 4:2:2. Nikirudi jioni naiambia Premiere itengeneze nakala nyepesi za faili zote, naacha usiku inafanya, asubuhi nahariri kwa nakala hizo bila kukwama. Wakati wa kurenda yenyewe inarudi kwenye faili halisi. Gharama ni nafasi ya diski na subira ya usiku mmoja.

Anayechagua njia hii awe macho na mazabodi. B550 ni salama zaidi. Ukiuziwa B450 ya zamani iliyokaa stoo, BIOS yake inaweza kuwa ya kabla ya Ryzen 5000, unawasha feni zinazunguka na skrini ni nyeusi. Na asijaribu kuruka kwenda Ryzen 5 7600 kwa bajeti hii, soketi ile ya AM5 inakubali ramu za kizazi kipya, DDR5, peke yake, na bei ya ramu ilivyopanda ni balaa.

FundiWaMikindani
Dada Newala, usiku mmoja unao wewe. Huyu anapiga harusi Jumamosi, Jumapili asubuhi familia inataka kipande cha kuweka status.

BintiNewala
Hapo umenishika. Kwa harusi, 12400.

JotoLaMasasi
Niingie kwenye joto maana ndiyo fani yangu, huku Masasi Oktoba na Novemba hata ukuta unachemka.

Kipoozaji chochote, cha hewa au cha maji, kinachukua joto la prosesa kinalipeleka kwenye hewa ya chumba. Hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo. Ndiyo maana namba za YouTube zinawapoteza watu wa kwetu. Jamaa amepima kwenye chumba cha nyuzi 21, prosesa imesimama 68. Hamishia mashine ileile kwenye chumba chako cha bati chenye 33, itasimama karibu na 80, kwa sababu zile nyuzi 12 za chumba zinapanda juu moja kwa moja. Na rejeta ya 240 nayo inapandiwa na nyuzi 12 zilezile. Maji hayakupi baridi ambayo chumba hakina.

Sasa i5-12400 inatoa moto kiasi gani? Wati 65 za kawaida, na ikikaza kikomo cha Intel ni 117. Huo si moto wa kutafutia pampu. Mnara, yaani kipoozaji cha hewa kilichosimama, wa feni moja ya milimita 120 wenye mabomba manne ya shaba unaumudu vizuri. Mimi nina Thermalright Assassin X 120 SE, kimo chake milimita 148. Ukitaka kinachozidi hapo ipo Peerless Assassin 120 SE, minara miwili, milimita 155. Kile kidogo kinachokuja kwenye boksi la Intel nacho hakiunguzi kitu, ila mchana kitapiga kelele na utakichukia.

Tofauti kubwa ni siku ya kuharibika. Mnara ukifa, kilichokufa ni feni, unafunga nyingine yoyote ya 120 ya elfu kadhaa, na hata kabla hujaipata yale mapezi ya alumini yanakupa muda wa kumalizia kazi nyepesi. Pampu ikifa maji yanasimama, prosesa inapanda ndani ya dakika chache na mashine inajizima. Halafu yale maji yanapungua polepole kupitia kuta za mipira mwaka hadi mwaka, na nyingi ya hizo huwezi kuzijaza tena.

Kitu ambacho muuzaji hajakwambia: kinachochemsha kasha lako si prosesa, ni kadi. RTX 3060 ni wati 170, na rejeta ya prosesa haiigusi kabisa. Kwa hiyo pesa ya maji ipeleke kwenye kasha lenye wavu mbele, achana na yale ya kioo mbele yanayopendeza kwenye picha. Feni mbili mbele zinavuta, moja nyuma inatoa. Zinazovuta zikiwa nyingi kuliko zinazotoa, hewa ya ndani inasukuma kwenda nje kwenye kila upenyo, na vumbi linalazimika kupita kwenye chujio. Chujio unalichomoa unaliosha, basi.

ShanganiFilamu
Dah, nimekuelewa sana. Swali la kijinga: ninacho kipoozaji cha mnara nilichotoa kwenye mashine ya zamani ya Intel kizazi cha 7. Si nikitumie hichohicho?

JotoLaMasasi
Matundu hayalingani. Kwenye soketi za zamani, 1151 na ndugu zake, ni milimita 75 kutoka tundu hadi tundu. LGA1700 ya 12400 ni 78. Kuna vyuma vya kubadilishia kwa baadhi ya modeli, ila usikilazimishe kwa kukaza skrubu, utapinda bodi. Na pima kimo cha kasha kwa ndani, pamoja na kimo cha ramu. Ramu zenye mapambo marefu zinagombana na feni ya mnara. Chukua ramu fupi zisizo na taa, zinafanya kazi ileile.

FundiWaMikindani
Nyongeza kwa mtu wa Shangani, kwa sababu upo mita chache kutoka baharini na vumbi siyo adui wako wa kwanza. Ni chumvi. Mashine zinazoletwa kwangu kutoka nyumba za ufukweni, ukifungua unaona vichwa vya skrubu vina kutu na meno ya ramu yamefifia, mengine yana ukijani. Dawa si ngumu. Meza isitazamane na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Mashine isikae mwezi bila kuwashwa, ikiwa ya moto unyevu haukai. Mara mojamoja chomoa ramu, futa meno yake kwa kitambaa na spiriti ya isopropili, rudisha. Nafasi tupu za nyuma ya kasha ziwe na vifuniko vyake vyote, nimeshatoa mjusi mkavu ndani ya pawasaplai na sisimizi waliohamia na mayai yao.

Kuhusu umeme. Prosesa 117, kadi 170, ukiongeza bodi, diski na feni unafika kwenye wati 350 ikikaza yote kwa pamoja. Pawasaplai ya wati 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze kwenda juu inatosha, na ndiyo NVIDIA wanayoshauri kwa 3060. Usichukue zile za boksi jeupe zilizoandikwa 750, ukiinyanyua nyepesi kuliko kopo la maziwa ya unga ujue ndani hamna kitu. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ndogo za 650VA, ukigeuza kwa wati, nyingi zinazunguka kwenye 360 tu, na bado skrini hujaihesabu. Umeme ukikatika katikati ya kurenda itazima kwa kuzidiwa. Tafuta ya 1200VA au zaidi, na kazi yake iwe kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, usirendee juu yake.

Mchinga_Mbili
Kwa hiyo mtumba wangu umetupwa nje kabisa 😂

FundiWaMikindani
Haujatupwa, umekosa harusi tu.

ShanganiFilamu
Nimeandika orodha, mnikosoe: i5-12400 isiyo na F, mazabodi B660 ya DDR4, ramu GB 16 mbili fupi, RTX 3060, SSD ya TB 1 ya NVMe, Assassin X 120 SE, pawasaplai 550 Bronze, kasha la wavu lenye feni tatu. Maji nimeachana nayo, hiyo tofauti inaingia kwenye UPS. Wauzaji watanifungia kila kitu Dar na kunipakilia kwenye basi.

JotoLaMasasi
Nzuri. Mambo matatu. Kwenye boksi la B660 soma kwa macho yako kwamba ni DDR4, modeli hiyohiyo inaweza kuwa na toleo la DDR5 na ramu haiingii, pengo la katikati limehamishwa. Kwenye kadi hakikisha imeandikwa 12GB, ipo 3060 ya GB 8 ambayo ni dhaifu zaidi na inavaa jina lilelile. La tatu, wafunge, waiwashe, wakutumie video ikiwa inafanya kazi, halafu wachomoe kadi na mnara virudi kwenye maboksi yake. Zaidi ya kilomita 500 za kuruka matuta na chuma kimening'inia kwenye bodi, hapana.

BintiNewala
Na kasha kama lina kioo ubavuni, kioo kisafiri peke yake, kimelazwa katikati ya nguo. Mwambie konda ni mayai.

ShanganiFilamu
Poa sana. Grisi ya prosesa mnara unakuja nayo au ninunue?

JotoLaMasasi
Inakuja nayo kidogo. Kwa kuwa watafunga Dar na wewe utafunga tena huku, nunua kichupa cha ziada. Futa ya zamani yote kabla ya kupaka mpya.

Mchinga_Mbili
Shangani, ile Z440 kama huichukui niunganishe na muuzaji. Mimi kazi yangu ni kuchapa na kuskani tu.