Naomba ushauri: CAN 2027, tufikie Dar au Arusha?

Wandugu na wadada, salamu kutoka Lubumbashi. Vijana wa mtaa wetu hapa Kamalondo tuko kwenye likelemba, yaani tunachanga pesa pamoja, ya kwenda CAN 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON) kule Kenya, Uganda na Tanzania. Kila Jumamosi dada yetu anafungua daftari, anaandika jina na dola, na kila mtu anaweka sahihi. Pesa ni ya jasho, hatutaki ipotee njiani.

Shida ni kuchagua mji. Dar tunaifikia kwa basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Nakonde na Tunduma, halafu Mbeya. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, na Taifa Stars wakiwa kwao kelele zake naziota! Lakini Arusha wanajenga uwanja mpya, na kutoka pale kupitia Namanga unaingia Nairobi siku hiyohiyo, kwenye Kasarani na ule mpya wa Talanta. Hoima ya Uganda tumeiacha, ni mbali mno kwetu.

Nimeuliza madereva wa makontena. Njia wanaijua vizuri, ila mambo ya tiketi za mpira hapana.

Naomba waliokwenda mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, katika nchi hizohizo tatu, wanisaidie:

Tiketi mlilipaje, na laini ya simu ya Kongo ilikubali? Na je, tulipie vyumba sasa, ao tungoje droo tujue Léopards, timu yetu ya Kongo, watachezea wapi? Mwenye kujua bei za kulala Temeke, karibu na Mkapa, aniandikie pia.

Aksanti sana.