Mwenzetu anatoa diwani: tuitangaze vipi bila kuonekana twabebana?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum. Nauliza wanaoandika mapitio ya vitabu na wanaoviuza. Tuko sita hapa Mombasa, kila mmoja ana ukurasa wake wa vitabu, na urafiki wetu umetokana na kusomeana na kusambaziana kazi. Mmoja wetu sasa anachapisha diwani yake ya kwanza: mashairi 60 hivi ya arudhi (yanayofuata kanuni za vina na mizani), nakala 300, gharama yake mwenyewe, bei shilingi 600. Bado haijaenda kwa mchapaji. Ametuomba watano tuliobaki tuandike mapitio siku ya uzinduzi, tumpe nyota tano Amazon na Goodreads (mtandao wa wasomaji kupimia vitabu), na picha ya jalada tuiweke sote saa ile ile. Kila mmoja atapata nakala ya bure.

Nia ni njema, ila wanaotufuata wanajua sisi ni marafiki. Nachelea waseme twabebana, na kesho tukisifu kitabu cha mtu mwingine tusiaminike. Mpango huu urekebishwe wapi? Na ikiwa kuna mmoja wetu ambaye diwani haikumpendeza, afanyeje?

KaramuNyali

Wa aleikum salaam, Bi Binti. Amazon iondoeni kabisa kwenye mpango. Hawaruhusu rafiki wa karibu, wala anayeishi nyumba moja na mwandishi, kuandika mapitio ya kitabu chake. Tena anayeandika lazima awe amenunua kwao bidhaa za dola 50 au zaidi katika miezi 12 iliyopita, kwa hivyo pengine baadhi yenu hata mkitaka hamtaweza. Mapitio ya aina hiyo yakigunduliwa hufutwa, na anayebaki na doa ni mwandishi.

Goodreads ni mali ya Amazon tangu 2013 lakini mambo yake ni tofauti. Rafiki hazuiwi, wanachotaka ni useme wazi kama nakala ulipewa bure. Halafu nyota zake zina maana zilizoandikwa: mbili ni kuwa kitabu si kibaya, tatu ni kuwa umekipenda, nne umekipenda sana, tano ni cha ajabu. Wengi hawajui hilo, wanampa mwenzao tano kwa kuogopa kuwa tatu ni tusi. Diwani ya kwanza yenye nyota tatu na nne, na maelezo ya maana chini yake, humshawishi msomaji kuliko safu ya tano tupu. Kwa Amazon ni kinyume: huko nyota tatu huhesabiwa upande wa wakosoaji. Basi mtu asichukue alama ya huku akaihamishia kule bila kufikiri.

Kuhusu urafiki, msiufiche, usemeni mapema. Mstari wa kwanza kabisa, kabla Instagram haijakata maandishi: "Mwandishi ni rafiki yangu, na nakala hii alinipa." Basi. Ukiuweka mwisho, chini ya msitu wa alama za reli (#), ni sawa na kuuficha. Marekani hilo si suala la adabu tu. Tangu 2009 mwongozo wa tume yao ya biashara, FTC, unawagusa hata waandishi wa blogu wanaopewa bidhaa za bure. Huku kwetu askari ni msomaji mwenyewe, naye hana simile.

Jambo kubwa ni kugawana kazi. Kwa vile kitabu hakijachapwa, hapo ndipo marafiki mna faida ambayo mtu baki hana. Wawili wawe wasomaji wa rasimu. Wapeni wiki tatu, waandike kila dosari na nambari ya ukurasa, na wajibu maswali machache tu: shairi lipi litolewe, lipi lije mwanzo, wapi maana imepotea, wapi vina vimelazimishwa. Hao wawili wasiandike mapitio. Aliyeshiriki kukipika kitabu hawezi tena kujifanya mwonjaji. Watajwe kwenye shukrani ndani ya kitabu, na kwenye kurasa zao waseme "nilisoma rasimu, uzinduzi ni tarehe fulani", inatosha. Wa tatu afanye mahojiano na mwandishi. Wa nne arekodi beti. Wa tano, mmoja tu, ndiye aandike mapitio kamili.

Angalizo la rasimu: maoni yote yafike kabla kurasa hazijapangwa. Ukishapanga, kutoa shairi moja kunasogeza kurasa zote, yaliyomo yanabadilika, na mpangaji atadai malipo upya.

FundiVina

Nyongeza kwa huyo atakayeandika mapitio, maana mashairi ya arudhi yanamsaidia rafiki kuwa mkweli bila ugomvi. Kuna vitu vinavyohesabika. Tarbia ina mishororo minne. Kila mshororo mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Vina vya kati na vya mwisho vitiririke hadi mshororo wa tatu, na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kina uhuru wake. Utenzi una mizani nane kwa kila mshororo, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina cha bahari tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua beti kumi kutoka sehemu mbalimbali, si zile za mwanzo peke yake, uhesabu kwa vidole. "Mtu" ni mizani miwili, "nchi" miwili, "nyumba" miwili. Mshororo ukiwa na 17, utaje na ukurasa wake. Hapo humshambulii mtu, unaonyesha hesabu, na mwandishi mwenyewe akihesabu ataipata ile ile.

Baada ya hesabu ndipo uende kwenye ufundi. Inkisari, yaani kufupisha neno, imetumika wapi kwa haja, na wapi neno limekatwa mkia kwa kuwa mshairi amechoka? Tabdila, yaani kubadili umbo la neno, imeleta kina au imeleta neno ambalo hakuna anayelisema? Mashairi mangapi yanasema jambo lile lile? Diwani nyingi za kwanza huumia hapo zaidi kuliko kwenye vina: mapenzi mashairi 20, nasaha 20, yote kwa sauti moja. Hilo wasomaji wa rasimu walipaswa kulikamata.

Kama ameandika kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akasema "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho, mwambieni aweke faharasa ya maana za maneno nyuma. Msomaji wa Nakuru au Dodoma asipoipata atadhani ni makosa ya chapa, ataandika hivyo, na ninyi mtaanza kumjibu kwa hasira kwenye maoni. Msimjibu. Rafiki wa mwandishi kubishana na msomaji aliyetoa nyota mbili ndiyo njia ya haraka ya kuifanya nyota hiyo isomwe na kila mtu.

Katika mapitio nukuu ubeti mmoja au beti mbili. Shairi zima liombewe idhini, hata kwa rafiki, na afadhali liwe moja tu ambalo nyote mmekubaliana ndilo la kutolea mfano.

Na hilo la kurekodi beti, Karamu amelitaja kwa mpito, mimi naona ndilo la kwanza. Shairi la Kiswahili huimbwa. Sekunde 40 za beti mbili zilizoghaniwa vizuri, kipokeo (mshororo unaorudiwa) kinarudi, jalada liko kwenye skrini na bei chini, zitafanya kazi ambayo "Masha Allah, hongera sana" 50 hazifanyi. Rekodi chumbani penye mapazia na mazulia, feni izimwe, simu iwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kando kidogo, pumzi isipige maiki moja kwa moja. Anayeghani asiwe lazima mwandishi. Sauti nzuri ipewe nafasi.

Mchuuzi_wa_Vitabu

Mimi niseme ya pesa, maana mnazungumza kama vile kitabu kinajiuza.

Nakala tano za bure kwa marafiki watano ni shilingi 3,000 zimekwenda, tena kwa watu ambao wangenunua. Anayeandika mapitio apewe, arekodiye apewe, wengine nunueni. Sasa hesabu ya mfano: tuseme kuchapa kunamgharimu 250 kwa nakala, jumla 75,000. Akiuza mkononi kwa 600, gharama inarudi akishauza 125. Akipeleka dukani na duka likakata asilimia 35, anabaki na 390, basi lazima ziuzwe 193. Ndiyo maana msukumo wa marafiki uelekezwe kwenye mauzo ya mkononi wiki mbili za mwanzo, halafu ndipo maduka. Bei iwe ile ile kote, duka likigundua mnauza 450 kwenye WhatsApp litazirudisha nakala.

Kutangaza nyote saa ile ile: hapana. Wanaowafuata ninyi sita kwa kiasi kikubwa ni watu wale wale. Wataona jalada lile lile mara sita, maneno yale yale yaliyonakiliwa, watawanyamazisha wote kwa mpigo. Gawanyeni kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza sauti ya beti na tarehe ya uzinduzi. Wiki ya pili mahojiano. Uzinduzi wenyewe, kila mtu picha yake aliyoipiga mwenyewe. Mapitio yaje siku nne tano baada ya uzinduzi, msomaji akijua kitabu kinapatikana wapi. Mapitio kabla kitabu hakijawa sokoni ni hamu iliyopotea bure. Mtu akikitaka leo na kisipatikane hadi mwezi ujao, hatarudi.

Kila tangazo liwe na vitu vinne: bei, nambari ya Till ya kulipia kwa simu, mahali pa kuchukulia, na gharama ya kutuma nje ya Mombasa. Ukikosa kimoja utajibu swali lile lile inboksi mpaka uchoke. Jalada litumeni WhatsApp kama hati, si kama picha, lisipoteze ubora. Kwa Instagram likatwe 1080 kwa 1350. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 na inawafikia tu waliohifadhi nambari yako, kwa hivyo kabla ya uzinduzi waombe waihifadhi. Stetasi hukaa saa 24, iwekwe baada ya isha watu wametulia. PDF ya kitabu kizima isiingie kundini hata kwa dakika tano. Anayehitaji kusoma mapema apewe nakala yenye jina lake chini ya kila ukurasa.

Tarehe: kati ya 28 na 5, mshahara ukiwa bado moto. Mwanzoni mwa muhula karo inameza kila kitu. Ramadhani kumi la mwisho usijaribu. Jumamosi baada ya alasiri inafaa, imalizike kabla ya magharibi, watu wa Likoni wana feri ya kuvuka. Ulizeni Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, shughuli za sanaa wamezizoea. Mkichukua nambari za simu za waliohudhuria, karatasi iseme juu kabisa zitatumika kwa nini. Sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, na nambari za wageni si za kumwagwa kwenye makundi yenu sita.

Abu_Tudor

Mnamfunga mwenzenu mikono. Mji huu mdogo, nani hamjui nani? Nikisubiri mtu asiyemjua mshairi ndio aandike mapitio, hayataandikwa. Na huko kwenye magazeti marafiki wanasifiana kila Jumapili bila kutangaza kitu.

KaramuNyali

Sheikh Abu, sijasema rafiki asiandike. Nimesema aandike mmoja, na aseme. Ila umenikumbusha jambo: nakala mbili tatu zipelekwe kwa wasiomjua kabisa. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mhakiki wa Zanzibar au Dar es Salaam, msomaji mwenye ukurasa Nairobi. Barua fupi, mistari sita, useme ni bahari gani za ushairi zimo, kurasa ngapi, na kwamba hakuna deni la kuandika wala la kusifu. Usimkumbushe zaidi ya mara moja, na hiyo mara moja iwe baada ya wiki tatu. Nusu hawatajibu, na hilo lihesabiwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

BintiKibokoni

Shukran nyote, hata wewe Abu. Bado mawili. Yule ambaye diwani haikumpendeza. Na la pili: wawili kati yetu nao wana vitabu mwakani, na tayari wameanza kusema "nikupitie, unipitie".

FundiVina

La kwanza ni jepesi kama lisemwe mapema. Mpe nafasi ya kukataa kabla hajapewa nakala: "Nitasaidia uzinduzi, mapitio sitaandika." Hana haja ya sababu, na mwandishi asiidai. Apokee wageni, ashike meza ya mauzo, apige picha. Akishaandika mapitio na hakupenda, basi mwandishi ayasome siku moja kabla hayajatoka, kwa ajili ya kusahihisha ukweli tu: jina la shairi, idadi ya kurasa, nukuu iliyokosewa. Hukumu haiguswi. Mkiligusa hilo mara moja, mtaligusa kila mara.

Nikupitie unipitie, Amazon wanaikataza kwa jina. Kwingineko inaharibu kwa njia nyingine: wa kwanza akipewa nne, wa pili hawezi kupewa tatu, na kitabu kikiwa kibaya mnabaki na deni. Kama lazima mpitiane, A ampitie B, B ampitie C, C asimpitie A. Deni la mapitio lisirudi kwa aliyelitoa. Mwenye kitabu akitaka kumlipa mwenzake fadhila, amsomee rasimu. Hiyo ndiyo kazi ngumu, inachukua wiki tatu, na hakuna anayeiona.

Mchuuzi_wa_Vitabu

Na Bi Binti, kabla ya yote hayo mwulizeni mwandishi kama ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu, ameshaichukua kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mkipanga uzinduzi huku nambari haijatoka, jalada halina msimbopau (barcode), na maduka kadhaa yatakataa kuipokea hata mapitio yawe mazuri kiasi gani.