Hita, sigiri, gesi au jiko la presha la umeme? Baridi ya Kabale imenimalizia Yaka

Mwalimu_Kabale
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Nahitaji akili za watu wengi.

Nimemchukua mama yangu kutoka kijijini, ana miaka 78. Kabale yetu ya milimani, kusini-magharibi mwa Uganda, mnaijua. Saa tisa usiku kipimajoto kinasoma 10 au 11, ukungu umelala bondeni, na nyumba yangu ni tofali na mabati, dari hakuna. Mama analalamika miguu. Mwezi wa sita nikanunua hita ya umeme ya wati 2,000, nikawa naiwasha kwa muda wa saa tatu kila usiku chumbani kwake.

Zamani Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya 50,000 mwanzoni mwa mwezi ilinipa yuniti sitini na kitu, na ikatufikisha mwezi mzima: taa, tivii, pasi, simu. Mwezi wa saba, usiku wa siku ya nane, mita ikaanza kulia. Nikanunua 50,000 nyingine, nikapewa yuniti 88. Nikashangaa lakini nikanyamaza, nani anakataa zawadi. Hazikumaliza wiki mbili. Nikaongeza 50,000 ya tatu, nikapata 56 tu! Pesa ile ile, mita ile ile, mwezi ule ule. Juu ya hapo kuna gunia la mkaa la 95,000 kwa chakula na maji ya kuoga.

Nilinganishieni: hita hii niiuze? Gesi? Nirudi kwenye sigiri ya mkaa chumbani kama alivyozoea mama? Baridi ipo lakini gharama imenitoa jasho.

Afande_Mstaafu
Mwalimu, kabla ya pesa, hilo la sigiri chumbani liondoe kabisa. Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa mlimani, mvua, baridi. Vijana wawili waliingiza sigiri kwenye hema, wakafunga vizuri, wakalala. Asubuhi tuliita jina la mmoja, hakuitika. Mwenzake alitambaa nje akitapika, hakumbuki kitu hadi leo. Ule mkaa haukuwa na moshi hata kidogo, ulikuwa mwekundu safi, na ndiyo shida yenyewe: hewa ile ya sumu haina harufu, haina rangi, na usingizi wake ni mtamu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Na mtu wa miaka 78 hatapata nguvu ya kutambaa.

Haya, endeleeni na mahesabu.

MamaWaBusia
Pole dada. Nunua gesi uachane na vumbi. Mimi mtungi wa kilo 13 unanifikisha wiki sita, tuko watu wanne. Chai ya asubuhi dakika tano, mtoto anaoga anaenda shule. Zamani nilikuwa napuliza sigiri saa kumi na moja alfajiri, macho mekundu kama niliyelia msiba. Kujaza mtungi kwangu ni 120,000.

Hesabu_Jinja
Mwalimu, hukuibiwa wala hukupewa zawadi. Bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi, na ngazi zenyewe hazipandi moja kwa moja. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa 750 na ushei. Kisha kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412. Hiyo waliiweka ili watu wapikie umeme waache mkaa. Ukivuka 150, unarudi 750 na ushei. Juu ya yote weka kodi ya VAT ya asilimia 18.

Sasa angalia tokeni zako. Ya kwanza ilianza na zile za 250, ikaingia kwenye ghali. Ya pili ilimalizia kipande cha ghali, ikala ngazi yote ya 412, ndiyo maana 88. Ya tatu ilikukuta juu ya 150, kila yuniti ghali, ndiyo maana 56.

Kwa hiyo penye miiba ni katikati, pale kati ya 16 na 80. Ukishapita hapo, yuniti 70 zinazofuata ndizo za kupikia. Wengi wetu tunalipia miiba, tukifika kwenye nyasi laini tunarudi kununua mkaa.

Boda_Katuna
Dawa ni ndogo. Nunua Yaka ya elfu tano tano kila siku mbili, wakuhesabie bei ya chini kila mara. Mimi nafanya hivyo.

Hesabu_Jinja
Ndugu yangu, hapana. Mfumo unajumlisha ulichonunua tangu tarehe moja. Ukinunua mara 20 au mara moja ni sawa, zile 15 za bei ya chini unazipata mara moja kwa mwezi. Linganisha tokeni yako ya tarehe 2 na ya tarehe 20, utaona.

Boda_Katuna
Kumbe. Na mimi nimewafundisha stendi nzima.

Fundi_Nateete
Mwalimu, ninafunga umeme na pia napiga dari. Ngoja nikwambie jambo ambalo muuza hita hatakwambia. Nyumba ya mabati bila dari ni kama sufuria bila kifuniko. Hewa ya moto inapanda, inagusa bati, bati liko nje kwenye baridi, joto limekwenda. Hita yako ilikuwa inapasha moto anga la Kabale.

Anza na dari ya chumba cha mama peke yake. Kama bodi ni ghali, huko kwenu mafunjo yako kila bonde na mikeka yake si bei. Funga fremu ya mbao, tandaza mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine. Ila isiwe juu ya jiko, yale yanashika moto haraka. Halafu chini ya mlango: chukua mguu wa suruali kuukuu, jaza maranda au matambara, shona, laza pale. Piga magoti usiku uweke kiganja chini ya mlango kabla na baada, utajua nasema nini.

Kingine, hiyo hita umeichomeka wapi? Kama ni kwenye soketi ya tivii kwa waya wa eksitensheni mwembamba, shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa moto mpaka unaondoa mkono, simama hapo hapo. Wati 2,000 si mzigo wa waya wa chaja.

Mwalimu_Kabale
Fundi, nimeenda kushika. Nimeondoa mkono. Plagi imegeuka rangi ya chai.

Fundi_Nateete
Ichomoe leo. Usisubiri kesho.

Nesi_Mbarara
Nyabo, mama anahitaji chumba chote kiwe na joto au anahitaji miguu iwe na joto? Ni vitu viwili. Wodini kwetu tunatumia chupa ya mpira ya maji moto. Lita mbili, ifunge kwa taulo isimchome, maana ngozi ya wazee ni nyembamba na wengine miguu yao haisikii vizuri, hasa wenye sukari. Iweke kitandani nusu saa kabla hajalala, kisha isogeze mbali kidogo na nyayo. Usijaze maji yanayotokota, yaache yatulie dakika kadhaa, na toa hewa kabla ya kufunga kizibo. Soksi za sufu, kofia. Kofia watu wanaidharau.

Hesabu_Jinja
Nimependa, ngoja niweke namba. Kuchemsha lita mbili kutoka nyuzi 15 hadi 80 ni yuniti 0.15 hivi. Kwa bei ya ghali pamoja na VAT, yuniti ni karibu shilingi 890, kwa hiyo chupa moja ni kama 135 kwa usiku. Hita yako ya wati 2,000 kwa saa tatu ni yuniti 6, yaani zaidi ya 5,300 kwa usiku. Mwezi mmoja: 4,000 upande huu, 160,000 upande ule. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea nukta.

Mwalimu_Kabale
Nimeisomea mama kwa Kiswahili chake cha sokoni akacheka. Anasema zamani walikuwa wanalala na jiwe la moto lililofungwa nguo, sasa nyinyi mmeliita chupa.

Kisoro_Lava
Sisi wa chini ya mlima Muhabura tuna mawe ya kuuza, hata mawe ya yale majiko ya volkeno yenye feni ndogo inayopuliza yanatoka huku kwetu. Mawe yanashika joto kweli na mkaa unaanza kwa kiasi kidogo, lakini feni ikifa una sufuria ya mawe tu. Langu limekufa mara mbili.

Biogesi pia niliijaribu, ng'ombe wawili, shimo la saruji. Inafanya kazi, ila wadudu wanaotengeneza gesi hawapendi baridi. Msimu wa baridi moto unakuwa wa kuchemshia chai tu, tena chai ya watu wawili.

Arua_Jua
Huku Arua hatununui joto, tunalikimbia. Nawaonea huruma.

MamaWaBusia
Hesabu, mbona gesi yangu umeiruka? Au unaogopa?

Hesabu_Jinja
Siogopi, mama. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu yuniti 12.8, lakini jiko la kawaida linaingiza nusu hivi kwenye sufuria, nyingine inapita pembeni. Kwa 120,000 kwa kilo 13, yuniti moja iliyoingia kwenye chakula inakugharimu karibu 1,400. Mkaa wa mwalimu: gunia la 95,000 kama lina kilo 60, na sigiri ya kawaida inaingiza labda moja ya tano, ni karibu 1,000. Koili ya umeme kwenye bei ya ghali ni karibu 1,300. Hapo zote zinagombana, na anayekuja na mkaa wa bei ya Kampala atanibishia.

Kinachoondoka kwenye kundi ni jiko la presha la umeme kwenye ile ngazi ya 412, ambayo pamoja na VAT ni 486. Limefungwa, limefunikwa kwa tabaka, joto halitoki. Maharage makavu kilo moja niliyapima kwa mita yangu: nusu yuniti na kidogo. Kwa mkaa yale ni saa tatu za kupuliza.

Gesi inashinda kwa haraka na umeme ukikatika. Ila yote inaingia kupitia Mombasa au Dar es Salaam, lori likikwama njiani bei inakwambia.

MamaWaBusia
Sawa, lakini matoke ya presha si matoke. Matoke yanataka majani ya mgomba na moto wa taratibu. Hapo hesabu haina ulimi.

Hesabu_Jinja
Hapo sibishani na wewe hata kidogo.

Afande_Mstaafu
Na maji ya kuoga? Nyumbani kwangu vijana wamefunga shawa ya umeme, kila mmoja anaimba nyimbo tatu humo ndani.

Fundi_Nateete
Afande, shawa ya wati 5,000 ikikimbia dakika sita ni nusu yuniti. Ndoo ya lita 20 ya vuguvugu ukiichemsha vizuri ni nusu yuniti pia. Kwa hiyo shawa si adui, nyimbo ndizo adui. Tangi la kuchemshia la lita 50 ndilo baya kama mnaliacha limewaka siku nzima: kulijaza joto mara moja ni yuniti mbili na nusu, halafu linapoa, linawaka tena mkiwa kazini. Liwekeeni swichi ya saa.

Sola ya maji juu ya paa ni nzuri, ila kianzio chake ni mamilioni. Na kuwasha hita ya chumba kwa paneli na betri, tafadhali, atakayewauzia hiyo anajenga nyumba yake.

Mwalimu_Kabale (baada ya wiki tano)
Narudisha majibu. Hita imeuzwa kwa mtu wa saluni. Chumba cha mama kimepigwa dari ya mafunjo, mikeka miwili, fundi wa hapa alimaliza kwa siku moja na nusu. Usiku kipimajoto kilichokuwa kinasoma 12 ndani sasa hakishuki chini ya 15. Chupa za mpira mbili, moja miguuni, moja mgongoni. Presha ya umeme nimeinunua 240,000, iliniuma, lakini maharage, nyama na hata obushera, ule uji wa nafaka wa mama, vinapikwa humo.

Mwezi huu nimetumia yuniti 122. Zimegharimu karibu 83,000 pamoja na VAT. Zile za mwisho 42 zilikuwa za 412, niliona kwenye risiti nikatabasamu peke yangu dukani. Mkaa nimenunua wa 35,000 kwa ajili ya matoke ya Jumapili, mama wa Busia asinisute. Jumla 118,000. Kabla ya hita ilikuwa 145,000, na mwezi wa hita sitaki kuukumbuka.

Umeme ulikatika siku mbili mfululizo wiki ya tatu, hapo nilipikia nje kwa sigiri na nikautamani mtungi wako, dada.

MamaWaBusia
Nilijua. Anza na ule mdogo wa kilo sita, uuweke kwa dharura.

Afande_Mstaafu
Na ile sigiri ya chumbani iko wapi?

Mwalimu_Kabale
Nje, chini ya mti wa parachichi. Jana kuku ametaga ndani yake, mama amekataa isiguswe.