Milioni 67 za injini, halafu ananipa beringi kwenye mfuko eti "UKUMBUSHO"!!!

Wakuu nimetoka pale gereji sasa hivi, naandika niko kwenye bajaji, mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi.

Mnawajua. Jina sitaji lakini mnawajua, wale wa vioo vyeusi na kahawa ya bure mapokezi, na yule kijana wa kaunta ndo kabisa hakuna asiyemjua humu, miwani mikubwa, kiatu kimechongoka unaweza kuchokonolea meno. Huyo huyo. Leo kanipa UKUMBUSHO.

Ngoja nianze mwanzo maana nikikumbuka ile meza napandwa na presha. Tarehe 22 Desemba nimepakia familia kwenye gari langu tunaenda Moshi, mama mkwe siti ya mbele, watoto nyuma, kreti za soda, mchele, kila kitu. Tumepita Korogwe vizuri, Mombo tumekula, tunakaribia Hedaru nasikia ko ko ko ko, kama mtu anagonga sufuria na mwiko chini ya miguu yangu. Kabla sijatoa mguu kwenye mafuta, KHAA, limezima. Hakuna taa iliyowaka kabla, hakuna chochote, halafu baada ya kuzima ndo taa ZOTE zikawaka kwa pamoja kama sherehe ya uhuru. Jua la saa nane, pale hakuna mti wa maana, mama mkwe mwenye miaka 71 kakaa juu ya kreti ya soda pembeni ya lami anajipepea na leseni yangu ya gari. Brekidauni mpaka Dar milioni 1 na laki 6, nimelipa. Familia imemalizia safari kwenye basi wamesimama mpaka Same. Krismasi nimekula peke yangu Kimara.

Sasa sikilizeni. Hili gari tangu nimelichukua sijawahi kulipeleka kwa fundi mwingine, HATA SIKU MOJA, mihuri yote iko kwenye kitabu, na mwezi wa nane niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba asubuhi likiwa la baridi linagonga kidogo, wakaandika kwenye karatasi "sauti ya kawaida ya dizeli". Ninayo hiyo karatasi. Waranti ni miaka mitatu au kilomita laki moja, kinachotangulia. Mwezi wa nane lilikuwa na elfu 97. Hedaru limekufa na laki moja na elfu nne na mia tatu. Nimelipa milioni 2 na laki 8 ya kulifungua TU, kuangalia, maana eti dude hili injini haichomolewi kirahisi, lazima bodi nzima inyanyuliwe juu ya chesesi. Nimeenda nimeona kwa macho yangu, gari langu limegawanyika mara mbili, bodi iko juu kwenye winchi na chini kuna chesesi na matairi kama kitanda kisicho na godoro, na kiatu cha mwanangu bado kiko kwenye siti ya nyuma kule juu hewani.

Leo ndo kaniita kupewa majibu. Kaniwekea karatasi mezani, milioni 67 na laki 4, injini mpya kamili, VAT asilimia 18 imo humo humo, na kila siku gari linapolala pale bila maamuzi ni elfu 30 ya maegesho. Januari hii! Ada za watoto wawili sijalipa! Nikamwuliza kistaarabu kabisa, kijana, na ile karatasi ya mwezi wa nane? Akasema "mzee waranti imeisha." Nikasema nataka kuona meneja. Akasema meneja yuko safari. Halafu wakuu, HALAFU, akafungua droo, akatoa kile kimfuko cha nailoni cha kubana mdomo, ndani kuna beringi ya krenki (ule mhimili unaozunguka ndani ya injini), kale kakipande ka bati kembamba kenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja kamekwanguka mpaka shaba inaonekana na kamekunjika kama ganda la ndizi, akakasukuma mezani kwa kidole KIMOJA, akatabasamu, akasema:

"Hii beba nyumbani mzee. Ukumbusho."

UKUMBUSHO. Mimi. Ukumbusho wa nini? Watu wanapewa ukumbusho wakienda Zanzibar, wanapewa ukumbusho wa harusi. Mtu kakaa kando ya barabara Hedaru na mkwe wake anapewa ukumbusho? Kwa kidole kimoja? Na wale mabinti wa mapokezi wakacheka, nimewasikia.

Ninako hapa mfukoni. Kananichoma paja.

Nyundo ya Bati
Pole sana mkuu. Weka picha ya hiyo beringi.

Dada wa Makongo
Yule kijana wa viatu!!! Mimi aliniambia betri yangu imekufa kwa sababu "dada unaendesha kwa huruma". Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini na betri nililipa laki 9.

Chuma Chakavu
Gari za watu mnanunua ili mkaonekane Moshi Desemba, sasa mmeonekana Hedaru. Mkwe kaona. Wapare wamewaona pia.

Mleta mada
Chuma Chakavu sijaja hapa kutukanwa mara ya pili kwa siku moja. Gari nimenunua kwa jasho langu. Suala hapa ni kidole kimoja na lile neno. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Chuma Chakavu
Ningekuwa mimi ningekuwa na 1HZ, ile injini ya Land Cruiser za zamani, na ningekuwa Marangu tangu saa kumi. Lita 4.2, silinda sita, haina kompyuta, haina turbo, ikigonga unaongeza redio.

Fundi Spana 14
Mleta mada pole, acha nikueleze kitu maana hizi injini za V6 za dizeli kama yako nazifungua kila siku na sipendi watu waumie bila kujua. Krenki haitakiwi kugusana na beringi kabisa, inaelea juu ya utando wa oili, wembamba kuliko unywele. Utando ukikatika hata sekunde, ile beringi inaikumbatia krenki na kuanza kuzunguka nayo, na ikizunguka kile kitundu cha kupitishia oili kinazibwa na mwili wake yenyewe, hapo ni moto juu ya moto mpaka krenki inakatika KHAA kama ulivyosikia. Ndo maana hukuona taa. Taa ya oili inaangalia presha ya mfumo mzima, haiangalii tundu moja la beringi namba fulani. Ile ko ko ko ya asubuhi ndo ilikuwa taa yako.

Sasa kwa nini utando unakatika. Vitabu vya Ulaya vinakwambia mwaga oili kila kilomita 20,000 na zaidi, hiyo ni ya mtu anayekimbia barabara kuu kwenye baridi. Huku unakaa kwenye foleni Ubungo masaa mawili injini inazunguka na kilomita hazisogei, vumbi, joto, halafu kile kichujio cha moshi cha dizeli kinataka kujiunguza chenyewe, kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili moshi upate moto, gari likizimwa katikati ya zoezi ile dizeli inashuka kwenye oili. Oili inakuwa kama chai ya rangi. Ukiona kiwango cha oili KIMEPANDA bila kuongeza usifurahi, hiyo ni dizeli. Mimi wateja wangu namwaga kila 7,000, na filta ya zamani naikata kwa msumeno naifungua kama biskuti, nikiona vumbi la dhahabu dhahabu linameremeta kwenye karatasi ya filta namwambia mteja simamisha gari leo hii. Shilingi ngapi kukata filta? Bure. Hao wa vioo vyeusi walikata yako?

Mleta mada
Hawajakata. Hakuna aliyekata chochote. Taa ya sevisi ikiwaka ndo njoo, hivyo ndivyo aliniambia, huyo huyo wa kidole. Fundi Mungu akubariki, leo ndo mara ya kwanza mtu ananieleza bila kunicheka. Nimesoma mara tatu na hasira imeongezeka.

Mjukuu wa Bibi Tatu
Samahani kwani mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019? Hapo una kesi nzuri kuliko ya injini.

Nyundo ya Bati
Ile ya kubana mdomo ni vifungashio, haimo.

Mjukuu wa Bibi Tatu
Kifungashio cha nini? Beringi mbovu ni bidhaa?

Bwana Kompresa
Injini angalau inakufa mara moja mnazika. Mimi langu ni yale mabaluni ya hewa badala ya springi. Asubuhi natoka naenda kazini nakuta gari limelala kifudifudi kama ngamia anasubiri kupakiwa, mbele chini nyuma juu. Kompresa mpya, baluni mbili, milioni 9. Baada ya miezi minne limelala upande wa PILI. Majirani wanapita wananiuliza gari linasali? Watoto wa mtaa wameliita Shehe. Hiyo ndo ya kulalamikia.

Dada wa Makongo
Shehe 😂😂😂 nimekufa

Mleta mada
Bwana Kompresa nakuheshimu lakini gari lako LIMEAMKA. Langu limekatwa kiuno. Na wewe hakuna mtu aliyekusukumia baluni mbovu kwa kidole akakwambia ukumbusho.

Bwana Kompresa
Kaka mimi ningefurahi wangenipa hata hizo baluni, walibaki nazo.

Matope Nairobi
Pole sana ndugu yangu, huku Nairobi pia tunalia. Hizi gari zinaingia na miaka saba, kwa sababu ya ile sheria ya miaka nane, zimeshatoka waranti kabla hata zifike Mombasa. Mimi yangu ni giaboksi. Mekanika wa kwanza akasema ni oili, wa pili akasema ni waya, wa tatu akachomeka mashine, mashine ikasoma makosa 43, akaniangalia kwa huzuni akasema "boss hii uza". Nikatafuta spea Kirinyaga Road mpaka viatu vikaisha. Sasa natumia matatu na nimepunguza kitambi.

Chuma Chakavu
Makosa 43! 1HZ haijui hata kuhesabu.

Fundi Spana 14
Mleta mada sikiliza usilipe hiyo 67 kesho. Kuna injini zilizotumika zinatoka Sharjah, zinachomolewa kwenye magari yaliyogongwa nyuma, bei inashuka chini ya nusu. Ila usinunue kwa picha ya simu. Taka namba ya injini ilingane na aina ya gari lako, taka wafungue sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) mbele yako waonyeshe beringi, na kabla haijawashwa badilisha beringi zote, pampu ya oili, filta na ile mikanda, maana bodi ikiwa juu kazi ni nusu, ikishashuka utalipa tena kuinyanyua. Na kipoza oili cha zamani tupa kabisa, usikioshe, vumbi la chuma limejificha mle ndani litaua na hiyo mpya. Na ile karatasi ya "sauti ya kawaida" piga nakala, andika barua, peleka kwa mkono upigiwe muhuri wa kupokelewa. Uliripoti ukiwa na elfu 97. Usiache hiyo.

Mleta mada
Barua naandika usiku huu. Nitaandika na lile neno humo humo, kwa herufi kubwa. Nataka huyo meneja aliye safari asome kwamba mteja wa miaka mitatu ameambiwa UKUMBUSHO. Wakuu mimi hata milioni 67 naweza kuzisahau, nitauza kiwanja. Ile sauti aliyotumia siwezi kuisahau. Aliisema taratibu, kama anampa mtoto pipi.

Kaka wa Mkomazi
Mleta mada umesema mlikula Mombo. Mlikula wapi? Maana pale siku hizi kuku wamekuwa wa mafriji.

Dada wa Makongo
Kuku wa Mombo alishakufa zamani. Simameni Korogwe.

Kaka wa Mkomazi
Korogwe machungwa tu. Nyama ni Segera, na siyo ile upande wa mabasi, ule upande mwingine.

Matope Nairobi
Sisi tukishuka Tanga tunakula wapi? Nakuja Pasaka na basi.

Kaka wa Mkomazi
Tanga usile nyama Matope, kula samaki, na ule mkate wa ajemi.

Bwana Kompresa
Basi la Tanga lenyewe lina mabaluni ya hewa, jiangalie.

Mleta mada
Naona mmehamia kwenye chakula. Sawa. Beringi nimeiweka juu ya kabati, mke wangu kaniuliza ni nini, nimeshindwa kumtajia.

Nyundo ya Bati
Pole tena mkuu. Picha bado hujaweka.

Rimu za Uhakika
Habari mleta mada, hizo rimu ni inchi 20? Tairi zina hali gani? Kama gari linakaa muda mrefu mimi nachukua zote nne kwa keshi, njoo inbox.