Naombeni ushauri: nimepata nafasi ya kwenda India kuhasi mbwa wa mitaani, niende?

Mzee wa Sindano
Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya afya ya mifugo, nauza dawa kwenye duka la mtu hapa Tegeta, jioni nazunguka kuchanja kuku na kukata kucha mbwa wa wenye nazo. Kuna taasisi imenikubali kwenda Goa, India, mwezi wa saba, kujitolea kuhasi mbwa na paka wa mitaani. Malazi nachangia, nauli juu yangu. Nauli ipo, ila mambo mengine hayajakaa sawa na usingizi sipati. Niende au niache? Matusi hapana.

Kipara wa Mbagala
Ulipe nauli ukakate mapumbu ya mbwa wa watu? Mtaani kwetu kuna majamaa wanaohitaji hiyo huduma kabla ya mbwa yeyote. Njoo, daladala nakulipia.

Mama Swaumu
Yatima wamejaa mjini, wewe roho inakuuma kwa mbwa. Mungu atusamehe.

Dokta wa Ng'ombe
Mdogo wangu, waache wacheke. Goa si pa kudharau. Wamechanja na kuhasi kwa miaka mpaka 2021 likatangazwa jimbo la kwanza India kudhibiti kichaa cha mbwa. Kwa kanuni zao za tangu 2001, kwa kawaida mbwa haondolewi: anakamatwa, anahasiwa, anachanjwa, anarudishwa palepale alipotolewa, na alama sikioni ili asikamatwe tena bure. Enzi zetu sisi tulitoka alfajiri na bunduki. Mbwa akifa, wengine wanahamia jalala lake, hawana chanjo, na jike anabeba mimba miezi miwili tu. Mwaka unaofuata tunaanza upya. Kwa hiyo kazi ni ya maana.
Sasa nijibu. Wewe mwenyewe umechanjwa? Ni sindano mbili kabla ya safari, ya pili siku ya 7. Na hiyo nauli ni pesa ya nani?

Chatu wa Feri
Mimi nilingatwa Kigogo narudi kwenye msiba. Jirani ananiambia paka pilipili, mwingine chomoa manyoya ya mbwa uyachome. Bahati nesi mmoja alikuwepo pale msibani, akanisimamisha bombani naosha kwa sabuni robo saa nzima watu wananitazama, kisha hospitali kuanza sindano. Mpaka leo wanangu wananiita Bobi.

Mzee wa Sindano
Pole Chatu. Dokta, sindano nitachoma wiki ijayo. Pesa ni yangu.

Dokta wa Ng'ombe
Yako au yenu?

Mzee wa Sindano
Haya. Tuna kiwanja Chanika tunalipia kwa awamu na mke wangu. Awamu ya mwisho alinikabidhi nikalipe, nikakata tiketi. Anajua naenda semina Arusha. Lakini jamani, kiwanja hakihami! Hapa naletewa jike wa kuhasi mara mojamoja, mkono utazoea lini? Nikirudi na cheti nafungua kliniki, tunanunua viwanja viwili.

Mama Swaumu
Kumbe tiketi umeshakata! Sasa hapa ushauri wa nini? Na hicho cheti cha semina ya Arusha kitakuwa kimegongwa muhuri wa India?

Kipara wa Mbagala
Kiwanja hakihami ila mke anahama.

Mwana wa Pune
Nimesoma huko miaka kadhaa. Mwezi wa saba Goa ni mvua ya kufa mtu, kuanzia Juni mpaka Septemba. Hilo tuliache. Huyu jamaa mwezi wa pili alifungua uzi anatafuta mchumba: "sijaoa, naishi kwa mama, Kimara". Nendeni mkasome. Wakuu, tunanyweshwa chai.

Chatu wa Feri
Nimeukuta. Kweli. Na mimi nimeshatoa siri ya Bobi bure.

Mzee wa Sindano
Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu hana akaunti.

Kipara wa Mbagala
Rafiki hana akaunti, hahahaa! Leta picha ya tiketi, jina ufute.

Dokta wa Ng'ombe
Iwe chai, iwe kweli, wapo vijana wengine wanaosoma hapa. Mwenye diploma asitegemee kupewa kisu. Atanyoa, atachoma dawa ya usingizi akiwa na msimamizi, atatazama pumzi ya mbwa aliyelala, atashika wavu. Si kazi ndogo hiyo. Ila aliyekuahidi utapasua mwenyewe mwombe barua, na uulize ubalozini kama viza yako inaruhusu kujitolea. Nauli uliyotaja si hasara kama ukikatazwa uwanja wa ndege?

Ua la Kimara
Samahani natoka nje ya mada. Nina jike, madume ya mtaa mzima yanalala getini kwangu. Anaweza kuhasiwa sasa hivi?

Mzee wa Sindano
Dada, hayo madume yanaonyesha yuko kwenye joto. Ni vizuri usubiri litulie, sasa hivi mishipa imejaa damu. Mfungie ndani kabisa, hata uani asitoke bila mtu. Usiku wa kuamkia upasuaji asile. Jumamosi naweza kuja na daktari ninayefanya naye kazi, tumwangalie.

Mama Swaumu
Jumamosi hiyo utakuwa Tegeta au "Arusha"?